Mwaka Niliokataa Kumtaja Mama Furaha

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aijuaye kila habari kabla haijaandikwa na baada ya kuandikwa, aliyenisitiri katika makosa ambayo angetaka angeyaanika, kisha akaniachia umri wa kuyasimulia nikiwa bado na akili zangu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, ambaye maneno yake yametufikia kwa sababu kila aliyeyapokea hakuona haya kumtaja aliyempa.

Mwezi uliopita tulimwoza Zuhura, binti wa rafiki yangu Athumani, hapa Mayfair, mtaa wa Joburg, katika ukumbi ulio nyuma ya msikiti. Biriani lilikwisha kuliwa, watu wamelegea kwenye viti, mikono bado inanukia limau, Athumani aliposimama na faili la plastiki mkononi. Ni lile faili analowekea vyeti vyake vyote tangu alipokuja nchi hii. Akatoa karatasi mbili zilizokunjwa hata mikunjo ikawa myeupe. "Jamani wakwe," akasema, "mnamwona Maalim huyu mwenye ndevu nyeupe, aliyetoka kuwasomea hotuba ya ndoa? Ndiye aliyetangaza kifo changu." Upande wa bwana harusi wakacheka bila kuelewa, sisi wa zamani tukacheka kwa kuelewa, na mimi nikajikuta nacheka nao. Kwa miaka mingi nilikuwa siwezi. Kila karatasi hizo zilipotajwa nilikuwa nikiinamisha kichwa, natafuta kitu cha kuokota chini. Siku ile nilicheka mpaka nikafuta macho, na nilipofuta macho nikamwona Mama Furaha mlangoni kwa wanawake, amevaa kitenge cha manjano, naye ananitazama anacheka. Nikasema moyoni: sasa naweza kuuandika mwaka ule.

Nilikuwa sijafika arobaini. Nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Msomali mmoja mpole, na ndani yake kompyuta tano, mashine ya fotokopi iliyotia mstari mweusi pembeni mwa kila karatasi, na birika la kahawa ya tangawizi ambalo halikuzimwa tangu asubuhi hadi magharibi. Watu walikuja kunakilisha karatasi zao za ukimbizi, kuwaandikia ndugu, au kukaa tu mahali penye joto. Watoto niliwasomesha Qurani asubuhi za Jumamosi, na siku nyingine niliandika. Nilikuwa nimeanzisha blogu, nikaiita Barazani Joburg. Ndani yake niliweka nyakati za swala, habari za kuandama kwa mwezi, vyumba vya kupanga, siku ambazo ofisi ya wakimbizi inapokea watu wa nchi gani, na misiba. Misiba ndiyo iliyosomwa kuliko vyote. Mtu aliye ugenini hufungua kwanza ukurasa wa misiba, akapitisha macho haraka, akiona hakuna jina analolijua ndipo anavuta pumzi na kusoma mengine. Niliwaona wakifanya hivyo mbele yangu kila siku, mabega yakishuka walipofika mwisho wa orodha, na nilijivuna kwamba pumzi zile zilikuwa mikononi mwangu.

Lakini hazikuwa mikononi mwangu peke yangu. Kule Joubert Park, ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake haikufanya kazi, alikuwapo msusi kutoka Lubumbashi aliyeitwa Mama Furaha, naye alikuwa na blogu yake, Kioo cha Joubert. Mwanamke akisukwa hukaa saa nne, tano, na katika saa hizo husema kila anachokijua na nusu ya asichokijua. Mama Furaha alisuka, akasikiliza, akauliza, na wateja walipopumzika akaandika. Alinitangulia karibu katika kila habari, aghalabu kwa siku nzima. Nami nilifanya jambo ambalo leo naliita kwa jina lake: nilikuwa nikiiba. Kila siku baada ya adhuhuri nilifungua ukurasa wake, nikachukua alichokiandika, nikakipiga pasi Kiswahili chake, nikakiweka kwangu na kuandika chini, "kutoka vyanzo vyetu." Kiungo, yaani yale maandishi ya buluu ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa wa mwingine, sikumwekea hata siku moja. Nilidhani msomaji ni kama mteja aliyeingia dukani: ukimfungulia mlango wa nyuma, ametoka. Na niseme kweli yote, maana umri huu hauna nafasi ya kujipamba: niliona pia taabu kumtaja kwa sababu alikuwa mwanamke, Mkristo, na anaandika Kiswahili tulichokicheka sisi wa pwani.

Wasomaji hawakuwa wajinga. Siku moja niliwasikia vijana wawili wa Dar es Salaam kwenye kompyuta ya pembeni. "Hii si ndiyo ile ya jana kwa yule mama Mkongo?" akauliza mmoja. "Nyamaza, Maalim anasikia." "Asikie. Yeye kaifukiza udi tu, lakini nguo ni ileile." Nikajifanya nahesabu karatasi za fotokopi. Uso uliniwaka, na badala ya kutubu niliongeza ukali: nikajiwekea kanuni kwamba oni lolote litakaloingia kwenye blogu yangu likiwa na anwani ya Kioo cha Joubert nitalifuta bila kulisoma. Nilijiambia kwamba anataka kunivutia wasomaji.

Nilipokuwa mdogo kule Tanga, mwalimu wangu wa chuoni hakutuacha tuseme "nimesikia" tukakaa. Alikuwa akishika chaki hewani, anauliza, "Kwa nani?" Ukimtajia jina anaendelea na somo. Ukisema "kwa watu," anakusimamisha. "Watu hawana jina," alikuwa akisema, "na asiye na jina huwezi kwenda kumuuliza." Elimu yetu yote imejengwa hivyo, fulani kapokea kwa fulani, na aliyepokea kwa mtu dhaifu anajulikana udhaifu wake. Nilizijua silsila hizo kwa moyo. Niliijua na aya inayotuamrisha kuthibitisha habari inapotujia. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta niliviacha mlangoni pamoja na viatu.

Basi asubuhi moja ya majira ya baridi, nyasi za kando ya njia zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, nilifungua ukurasa wake nikakuta tangazo. Mlinzi amegongwa na gari kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na ule uwanja mkubwa, kule Bertrams, na amefariki. Katika mfuko wa koti lake la ulinzi imekutwa karatasi yenye jina la Athumani, mtu wa Tanga. Athumani alikuwa akinywa kahawa chumbani mwangu kila Ijumaa baada ya swala, sukari vijiko vinne, ananitania kwamba kompyuta zangu ni za zama za Nuhu. Ijumaa mbili alikuwa hajaonekana. Nililia, Mungu anajua, kilio cha kweli. Kisha nikapangusa uso nikaandika. Tangazo la Mama Furaha lilikuwa na mstari wa mwisho, kwa Kiswahili chake: hatujapata bado mtu wa kumuona kwa macho. Mstari ule niliuondoa. Niliona unaharibu lugha ya taazia. Mahali pake nikaweka dua ndefu, nzuri, na chini yake, "kutoka vyanzo vyetu."

Haikupita saa moja simu ikalia kutoka Tanga. Alikuwa Bakari, kaka yake Athumani. Mtu kamsomea tangazo langu. "Maalim, ni kweli?" "Ni kweli, Bakari. Subiri, ndugu yangu. Sote tuko njiani." Nilisema kwa sauti ile tunayoitumia misibani, na sauti ile ilimtosha. Tangu hapo mambo yakaenda yenyewe. Mwili ulikuwa haujatolewa katika chumba cha maiti cha serikali, walitaka alama za vidole, na Tanga hawakuona faida ya kungoja. Ijumaa waliswali swala ya ghaibu msikiti mzima. Walisoma hitima. Mkewe, Mwanaidi, akaingia eda: akavua vipuli, akaacha manukato, akakaa ndani kuzianza siku zake mia na thelathini. Nguo za Athumani zikatolewa sadaka. Sisi hapa Mayfair tukasoma hitima yetu, nami nikaongoza dua. Na ndani ya siku hizo maoni matatu yaliingia kwenye blogu, yote yakianza na anwani ya Kioo cha Joubert, nami nikayafuta yote matatu.

Jumatano Bakari akapiga tena. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayepanga. Nyumba ilikuwa ya kupanga, akasema, na Mwanaidi hataweza na watoto watatu. Mkubwa atamchukua yeye mwenyewe, wa kati ataenda kwa shangazi yake Muheza, Zuhura mdogo abaki na mama. "Jumapili nawagawa," akasema. Nikamwambia asiharakishe. Akasema, "Kuna jambo jingine. Mwanaidi anauliza: nani alimwosha?" Nikamjibu kwamba mwili bado haujatolewa. Nikasikia akigeuka, mazungumzo kwa mbali, sauti ya mwanamke nyuma ya mlango, kisha akarudi. "Anasema, basi nani aliyemwona?" Nikafungua kinywa. Neno lililonitoka lilikuwa, "Watu."

Nilikata simu nikakaa. Kahawa ilikuwa inachemka na sikuizima. Nilikuwa nimemjibu mwanamke aliye edani jibu ambalo mtoto wa chuoni angesimamishwa kwa ajili yake. Nikasema nitafungua ukurasa wa Mama Furaha nitazame upya. Kabla sijafungua, mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke mnene, anahema, amejifunga shali ya sufu, vidole vyake vimepakwa mafuta ya nywele mpaka kwenye kucha. Hatukuwa tumewahi kuonana, lakini nilimjua.

"Bonjour, Papa Maalim," akasema. "Minakuandikia mara tatu. Mara tatu unafuta. Juu ya nini?"

Nikasema, "Karibu ukae, mama."

"Sikae. Niliacha mutu na kichwa nusu." Alikuwa kweli amemwacha mteja amesukwa upande mmoja. "Ule mutu hakufa. Athumani iko muzima. Nilibadilisha habari kwangu kesho yake, nikaweka juu kabisa kwa maandishi makubwa. Kila mutu aliyesoma kwangu alijua. Wako tu ndio hawakujua."

Nikauliza, na najua lilikuwa swali la aibu, "Umesikia kwa nani?"

Akanitazama, akaketi hata hivyo. Akanihesabia kwa vidole vile vya mafuta. Kampuni ya ulinzi ilitoa koti moja zito kwa kila lindo, si kwa kila mlinzi. Anayemaliza zamu analivua, anayeanza analivaa likiwa bado na joto la mwenziwe. Athumani alihamishwa ghafla kwenda kulinda shamba la machungwa kaskazini, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki, akaacha koti na karatasi yake mfukoni. Aliyelivaa baada yake ni Kabeya, kijana wa Lubumbashi. Mlinzi mwenzao, ambaye mkewe husukwa kwa Mama Furaha, alikwenda chumba cha maiti akauona uso wa Kabeya kwa macho yake. Akanipa jina la mlinzi huyo. Akanipa na kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya ofisi ya lile shamba. Silsila nzima, haikukatika popote, kutoka kwa mwanamke ambaye nilimwona hana elimu.

Tulipiga pale pale. Ikapokelewa na mwanamke kwa Kiingereza, tukangoja, tukasikia mlango, viatu, mbwa. Kisha, "Halo?"

"Athumani?"

"Naam. Nani? Maalim? Namba hii umeipata wapi?"

Mama Furaha akainyakua simu. "We Athumani, uko unakula?"

"Nilikuwa nakula, nimeitwa nimeacha pap, ugali wao huu, mezani. Kuna nini, nani kafa?"

"Wewe," akasema Mama Furaha, kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, na mimi nikaenda kuzima kahawa kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Nilipoirudia simu na kumweleza, aliuliza kwanza habari za Mwanaidi na watoto. Akauliza pili, kwa sauti ndogo, "Na kanzu yangu ya Idi wametoa?" Nikamwambia Bakari kasema imechukuliwa na muadhini. "Yallah," akasema.

Tanga hawakuniamini mimi, na walikuwa na haki. Bakari alinikemea kwamba nachezea msiba. Ilibidi Athumani mwenyewe apige kutoka ofisi ile. Baadaye Bakari alinisimulia kwamba Mwanaidi aliposogezewa simu hakupiga kelele wala hakuzimia. Alisikiliza, kisha akamuuliza mumewe, "Umekula?" Ndipo akavaa vipuli vyake. Jumapili ikapita na watoto wote watatu wamelala nyumba moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Mama Furaha alikuwa amesimama kuondoka, mteja wake anangoja na nusu ya kichwa, nikamwambia, "Ungeniacha niaibike peke yangu. Ungekuwa umeshinda." Akafunga shali. "Na ule mama wa watoto?" akasema. "Analia bule, mimi nakaa nashinda nini?" Akatoka. Nikakaa nikaandika, na sikuwahi kuandika maneno machache kwa taabu kama yale. Nilisema kwamba Athumani yu hai. Nilisema kwamba marehemu ni Kabeya, na tunawapa pole watu wake. Nilisema kwamba habari ya kwanza niliitoa kwa Mama Furaha wa Kioo cha Joubert bila kumtaja, na kwamba niliufuta mstari wake wa tahadhari, na kwamba kama ningeweka kiungo, kila aliyesoma kwangu angeweza kubofya akaona masahihisho siku ya pili tu. Kisha nikaweka kiungo. Buluu, chini yake mstari. Niliitazama buluu ile kama mtu anayetazama ufa kwenye bwawa, naona wasomaji wangu wote wanapita pale kwenda kwake.

Walikwenda kweli, siku mbili tatu. Halafu wakarudi, na walirudi wakiwa tofauti. Wale vijana wawili wa Dar es Salaam waliketi kompyuta ileile, mmoja akasema, "Leo Maalim kasema alikoipata. Hii naituma nyumbani." Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwamba anatuma habari yangu nyumbani. Kumbe msomaji hakuhitaji kufungiwa. Alihitaji kujua kwamba nikikosea ataliona kosa, na kwamba nikimpeleka kwa mwingine ni kwa sababu mwingine anajua zaidi. Tangu hapo kila nilichokichukua nilitaja nilikokichukua, na kila nilipojua kwamba Mama Furaha kaandika vizuri zaidi sikuandika kabisa, nilimwelekeza msomaji kwake nikapata muda wa kusomesha. Wala sikumwomba kitu, lakini mwezi wa Ramadhani ulipokaribia niliona watu wageni wanaingia kwangu, Waislamu wa Burundi na wa Kongo waliokuwa wakisoma kwake tu. Alikuwa ameweka kiungo.

Kabeya nilimwendea kwenye msiba wake. Kanisa lao lilikuwa Bertrams, ua mdogo, viti vya plastiki, wanawake wanaimba. Niliketi nyuma na kofia yangu nikiona haya, kwa kuwa kijana yule alikuwa amelala siku kadhaa bila jina lake kwangu, na vilio vyake nilivipeleka kwa mwingine. Mama Furaha akaniletea chai na mkate. Akakaa kiti cha kando yangu.

Leo blogu zetu watu wamezisahau. Habari za vifo zinakuja katika makundi ya simu, zimepita mikono elfu, hazina mwanzo, na kila ninapoziona namuuliza aliyezituma, "Kwa nani?" Wajukuu wananicheka. Barazani Joburg niliifunga macho yaliponiisha nguvu. Lakini pale harusini bwana harusi, kijana aliyezaliwa hapa na Kiswahili chake ni cha kuelewa tu, alizichukua zile karatasi mbili za Athumani, ambazo Bakari alizichapisha kule Tanga, ya kifo na ya masahihisho. Akaona chini ya karatasi ya pili ile anwani ya buluu ya Kioo cha Joubert, iliyofifia. "Eish, Babu," akaniambia, "hii inafunguka?" Nikamwambia sidhani. Akaiandika kwenye simu yake, herufi baada ya herufi, nasi tukasogea.

Ikafunguka. Jina la Kabeya lilikuwa pale juu, kwa maandishi makubwa, kama alivyoliweka siku ile. Na chini ya ukurasa, kwa Kiswahili chake: kwa ndugu Waislamu, saa za sala na misiba yao, angalia kwa Papa Maalim. Buluu, chini yake mstari. Kijana akabofya. Ikaja nyeupe tupu.

Nikamgeukia Mama Furaha pale mlangoni. "Blogu yangu nilikwisha kuifunga zamani, mama. Watu wakibofya hapo hawaoni kitu."

"Najua," akasema. "Siwezi kukutoa."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe mtu wa kukusahihisha kabla kosa lako halijamfikia mjane, na akupe moyo wa kumfungulia mlango anapokuja. Akujaalie jina lako litajwe kwa wema na wale uliodhani mnashindana nao, na jina la mwenzako lisiwe zito kinywani mwako. Amina.